Tukienda Rumonge Twende Kama Wageni



Ndugu wasomaji, wazazi wenzetu na nyinyi wanafunzi. Kila likizo kubwa inapokaribia, swali ni lilelile katika nyumba zetu za hapa Kinindo: watoto waende wapi? Wenye uwezo wanataja Dar es Salaam au Kampala, na wachache wanataja Dubai. Wengine wanaona ufukwe wa Saga siku ya Jumapili unatosha, mtoto aogelee, anunuliwe soda, arudi nyumbani. Safari hii swali limekuja mbele ya kamati yetu ya wazazi wa madrasa likiwa na ukali zaidi, kwani wapo wanaotaka ziara ya Rumonge ifutwe kabisa kutokana na aibu iliyotupata tulipokwenda mwaka 2024.

Sisi tunaoandika makala hii tulikuwemo katika safari ile, na sehemu kubwa ya aibu hiyo ilikuwa yetu. Rai yetu ni kwamba ziara isifutwe. Lakini isirudiwe kama ilivyokuwa.

Kwa wasomaji wetu walio nje ya Burundi, Kinindo ni mtaa wa kusini mwa jiji la Bujumbura, karibu na ziwa, kiasi kwamba maji ya Tanganyika yalipopanda kati ya mwaka 2020 na 2024 baadhi ya majirani zetu walihama nyumba zao. Ukitoka hapa ukashika barabara ya kusini, ziwa likiwa mkono wa kulia na milima mkono wa kushoto, unapita Kanyosha, Ruziba, Kabezi, Magara, Minago, kisha unaingia Rumonge. Ni mji mdogo wa wavuvi na wakulima wa michikichi. Hadi mwaka 2015 ulikuwa chini ya mkoa wa Bururi, mwaka huo ukafanywa makao makuu ya mkoa wake wenyewe, na mwaka 2025 mikoa ilipopunguzwa nchi nzima kutoka 18 hadi 5, ukawekwa katika mkoa wa Burunga. Mji haukusogea hata hatua moja, anwani tu ndiyo iliyobadilika mara mbili ndani ya miaka 10.

Watalii hawaendi Rumonge. Watalii wachache wanaofika nchini mwetu hupelekwa Gishora kutazama ngoma, Rutovu kwenye chemchemi ya Nile, maporomoko ya Karera, au viboko wa Rusizi. Wenye magari yao kutoka mjini hufika fukwe za njiani, wakala samaki, wakageuza. Mji wenyewe hawauingii. Na sisi Waislamu wa Bujumbura, ambao wengi wetu tuna shangazi, binamu au mama mkubwa huko, tumekuwa kama watalii hao hao.

Basi, tuisimulie safari yenyewe. Tulitoka Jumamosi asubuhi, tarehe 17 Agosti 2024, watoto 31 na watu wazima 9, katika mabasi mawili madogo ya kukodi. Tulikaribia kutokwenda, kwani petroli ilikuwa shida kubwa mwaka ule na dereva mmoja alikesha kwenye foleni. Alhamdulillah, akapata.

Kituo cha kwanza kilikuwa Mugere, kilomita chache tu kutoka mjini, kwenye lile jiwe kubwa lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya Novemba 25, 1871. Wazungu hao wawili walikuwa wamekutana Ujiji, wakapanda mtumbwi kuja kaskazini kuchunguza kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Wakakuta unaingia. Watoto walipiga picha dakika 10, wakaanza kuulizana chips. Ila binti mmoja wa miaka 12 aliuliza: hao wawili walipiga makasia wenyewe? Swali zuri sana. Majina ya waliopiga makasia, waliobeba mizigo, waliojua njia na waliotafsiri hayapo kwenye jiwe. Katika safari ile ya Stanley iliyotoka pwani mwaka 1871 mkuu wa walinzi wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani hadi India akarudi akiwa huru, na lugha ya msafara mzima ilikuwa Kiswahili. Hilo tuliwaambia watoto palepale, na tulifurahi kuona wawili watatu wanaandika.

Njiani kulizuka mjadala wa swala. Kijana mmoja wa darasa la juu alimuuliza maalim kama adhuhuri tutaipunguza, kwa kuwa sisi ni wasafiri. Maalim akamwambia atazame kilomita kwenye dashibodi tukifika. Wanazuoni wengi wa Kishafii wanaukadiria umbali wa safari ya kupunguza swala kuwa kilomita 80 na zaidi, na tulipofika Rumonge hesabu yetu kutoka Kinindo haikufika hata 75. Hivyo tukaswali rakaa nne kamili. Kijana akasema, "Kumbe hatujasafiri." Wote tukacheka. Baadaye neno lile liliturudia kwa namna nyingine: kisheria Rumonge ni kama nyumbani tu, na bado asilimia kubwa ya watoto waliokuwa kwenye basi walikuwa hawajawahi kufika.

Tulipoingia mjini, jambo la kwanza watoto walilolilalamikia ni ukimya. Tuliwaahidi wataona wavuvi wakirudi na dagaa, na mitumbwi ilikuwa imepakiwa mchangani, mitupu, imelazwa ubavu. Watu wachache walikaa kivulini wakishona nyavu. Vichanja vya waya vya kuanikia dagaa vilikuwa vitupu. Mtoto mmoja alisema wazi kwamba mji umekufa.

Mvuvi mmoja alimsikia. Akamwita, akamuuliza: "Mjukuu wangu, leo mwezi ngapi?" Mtoto akajibu tarehe 17. Mvuvi akatikisa kichwa, akasema hamuulizi mwezi wa Agosti, anamuuliza mwezi wa mbinguni. Ulikuwa mwezi wa Safar 1446, unakaribia kujaa. Akamweleza kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza: taa inawashwa juu ya maji, zamani karabai na siku hizi taa za betri, dagaa wanaifuata nuru, wavu unanyanyuliwa. Mwezi ukiwa mpevu, nuru imetapakaa ziwa lote na taa ya mvuvi haina kazi. Ndiyo maana kila mwezi, siku zile za katikati, wavuvi wanakaa nchi kavu wakitengeneza vyombo. "Na sisi Waislamu," akasema, "siku hizo ndizo tunazofunga. Kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano. Mwenyezi Mungu ametupumzisha, nasi tunamshukuru kwa saumu."

Ndugu wasomaji, tumesomesha watoto wetu ayyaamul bidh miaka mingapi? Wanaijua kama mstari wa daftarini, funga ya sunna, siku tatu. Hakuna hata mmoja wetu, wakubwa kwa wadogo, aliyewahi kuiona ikiwa imeshikamana na nyavu na taa na chakula cha watu. Yule mvuvi hakuwa akitoa darsa. Alikuwa anajibu kwa nini yupo chini ya mti saa tano ya mchana. Qur'ani inatuamrisha mahali pengi, mojawapo ni Suratul Ankabut aya ya 20, kutembea katika ardhi na kutazama, na sisi tumezoea kuisoma amri hiyo kwa maana ya safari za mbali na magofu ya mataifa yaliyoangamizwa.

Hadi hapo mambo yalikuwa mazuri. Sasa tuseme tulipoharibu.

Tulikuwa tumebeba magunia manne ya mitumba, katoni za biskuti na sabuni. Sabuni, kwa Rumonge, mji ambao mafuta yake ya mawese ndiyo yanayotengenezewa sabuni! Mtu mmoja kati yetu angefikiri dakika moja tu asingeipakia. Basi tulifika kwenye madrasa ya wenyeji wetu, na kabla hatujaketi tukaanza kushusha magunia. Watoto wao wakapangwa mstari. Watoto wetu wakapewa biskuti wawagawie, na baadhi ya wazazi, sisi tukiwemo, tukatoa simu tukapiga picha za kila mkono unaotoa na kila mkono unaopokea. Kabla ya alasiri picha zilikuwa zimeshafika Bujumbura, zikapata pongezi nyingi na maashallah nyingi.

Chakula kikaletwa. Wali, ugali wa muhogo, sombe iliyopikwa kwa mawese, mukeke wa kuchoma. Tukala kwa haraka, kwani tulikuwa tumelipia vyumba nje ya mji, ufukweni, na watoto walitaka kuogelea kabla jua halijazama. Tuseme ukweli, tulilipia huko kwa sababu ya vyoo. Baadhi ya kina mama walisema hawawezi kulala nyumba wasizozijua, na kina baba wakaona ni afadhali yaishe.

Tulipokuwa tunaaga, mzee mmoja, jamaa wa mwenyeji wetu, alituomba tukae kidogo. Alikuwa mpole sana. Akasema: "Wanangu, mliposhuka niliona magunia yanashuka kabla ya salamu. Wake zetu wamepika tangu alfajiri. Walijua wanapata wageni. Kama tungejua mnakuja kutoa sadaka tusingepika, tungekaa tu kwenye mstari."

Hakuna aliyejibu. Mmoja wetu alijaribu kusema nia ilikuwa njema, mzee akamwambia, "Najua, mwanangu, ndiyo maana nakueleza."

Kisha akamuuliza mtoto wetu mmoja jina lake na la babu yake. Mtoto alijibu kwa Kifaransa. Hakukusudia utovu wa adabu, masikini, ndiyo lugha inayomjia kwanza kwani ndiyo ya shule. Lakini la babu yake hakulijua kwa lugha yoyote.

Hii ndiyo aibu inayozungumzwa kwenye kamati. Wanaotaka ziara ifutwe wanasema tumewakera watu na tumeaibika mbele ya watoto. Sisi tunauliza: mtu akikosea adabu nyumbani kwa mjomba wake, dawa ni kutokwenda tena kwa mjomba?

Ilivyotokea ni kwamba usiku ule vyumba tuliviacha. Si wote. Familia tatu zilikwenda ufukweni kama ilivyopangwa na hatuwalaumu, walikuwa na watoto wachanga. Waliobaki tulimwomba mzee radhi, tukaomba kulala pale mjini. Nyumba saba zikafunguliwa ndani ya muda mfupi, mikeka ikatandikwa, vyandarua vikatafutwa. Simu tukazikusanya kwenye kikapu. Baada ya isha tukakaa barazani kwa mzee, chini ya ule mwezi uliowapumzisha wavuvi, na watoto wakasikia mambo ambayo sisi wazazi tulikuwa hatujawahi kuwaambia, na mengine hatukuyajua.

Mzee alikimbia akiwa kijana mwaka 1972. Wasomaji wetu vijana huenda wanalisikia neno "sabini na mbili" nyumbani likitajwa kwa sauti ya chini bila ya maelezo. Tarehe 29 Aprili mwaka huo uasi ulianza pande hizi za kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, na Watutsi wengi wakauawa. Kisasi cha serikali ya wakati ule kikaenea nchi nzima, Wahutu wengi zaidi wakauawa, na wengine maelfu kwa maelfu wakavuka kwenda Tanzania. Makambi yao, Ulyankulu, Katumba na Mishamo, yakawa vijiji, watoto wakazaliwa huko, wakasoma kwa Kiswahili, wakazeeka. Mwaka 2008 na 2009 zaidi ya watu 50,000 kati yao walirudi Burundi. Mzee alirudi 2008 na wajukuu ambao Kirundi chao kilikuwa cha kuchekwa na Kiswahili chao ni cha Tabora.

Akakuta shamba lake lina mtu. Habari ya Rumonge ni hiyo, nyumba baada ya nyumba: aliyekimbia anarudi na kumbukumbu, aliyebaki au aliyeletwa ana miaka 30 na zaidi ya jasho lake katika ardhi ileile. Tume ya kitaifa ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 ilikuwa na mafaili mengi mno ya aina hiyo. Wengine walipatana, wengine walifika mahakamani, wengine hawasalimiani hadi leo. Mzee na mwenzake waligawana shamba nusu kwa nusu. Na huyo mwenzake, ambaye si Muislamu, alikuwa amekaa pembeni yake pale barazani, akimsahihisha kila alipokosea mwaka au jina la mtu. Watoto walikuwa hawajatambua ni nani mpaka mmoja akauliza, "Na yule aliyekuwa kwenye shamba lako yuko wapi?" Mzee akamwonyesha kwa kidevu. "Huyu hapa. Kesho mtaona mashine yetu."

Asubuhi yake tulipelekwa kwenye mashine hiyo. Mikungu ya chikichi inakatwa juu ya mti, inaachwa siku kadhaa ili tembe zilegee, zinachambuliwa, zinachemshwa kwenye pipa kwa saa nyingi, kisha zinatiwa kwenye kinu cha chuma kinachozungushwa kwa mkono. Watu wawili wanasukuma mti wa kinu kwa duara, kama punda wa zamani wa kukamua ufuta. Mafuta mekundu yanatiririka, yanachemshwa tena ili maji yaondoke. Makapi yanakaushwa na kuwa kuni za pipa linalofuata, na mbegu za ndani zinauzwa mbali kwa kazi nyingine. Hakuna kinachotupwa. Watoto wetu walisukuma kwa zamu hadi viganja vikawaka moto, wakipokezana na wajukuu wa wazee wote wawili. Mafuta yale ndiyo yaliyomo katika maharage yetu ya Kinindo kila wiki, tunayanunua katika chupa bila ya kujua yametoka kwa mkono wa nani. Na mwisho wa kazi mke wa mzee alitupa chupa mbili, akakataa kabisa faranga zetu. Gunia zetu nne za mitumba zilionekana ndogo sana wakati ule.

Kuna jambo ambalo tunadhani kamati yetu haijalitazama vya kutosha. Waislamu wa Burundi tumeishi muda mrefu tukiambiwa kwamba sisi ni watu wa kuja. Uislamu uliingia katika ukingo huu wa ziwa karne ya 19 kupitia Ujiji, kwa njia ya misafara ya biashara. Tusiwafiche watoto kwamba misafara ile ilibeba pembe za ndovu na ilibeba pia watumwa, na kwamba tajiri wa Ujiji aliyeitwa Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, alijaribu kuingia Burundi kwa nguvu na majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yakamzuia. Mtoto akilisikia hili kwetu, kwa ukweli wake, halitamvunja siku akirushiwa na mwenzake shuleni. Kisha wakaja Wajerumani na askari na makarani wao, wengi wao Waislamu wa Kiswahili. Wakaja Wabelgiji mwaka 1916, shule zikawa mikononi mwa misheni, wazee wetu wakaogopa watoto wao wasije wakabatizwa, wakawazuia, na pengo la elimu lililozaliwa hapo tunalibeba mpaka sasa. Mswahili akahesabika mtu wa mjini, mtu wa Buyenzi, mgeni asiye na shamba. Hata Idi el Fitri kuwa sikukuu ya taifa tulisubiri hadi mwaka 2005.

Ukimpeleka mtoto Rumonge anaona kitu kingine. Anaona Muislamu mwenye shamba, jembe begani, kanzu ya Ijumaa kwenye kamba. Anaona Muislamu mvuvi anayehesabu mwezi kuliko imamu wa mjini. Anasikia Kiswahili ambacho hakikuletwa na kitabu cha shule: kuna cha wenyeji wa zamani wa ukingo wa ziwa, kuna cha waliorudi kutoka Tanzania, vinataniana sokoni. Samaki ambaye sisi tunamwita mukeke, wajukuu wa mzee wanamwita mgebuka, na walibishana na wetu juu ya jina hilo hadi samaki akapoa. Kwa mara ya kwanza tuliwaona watoto wetu wakigombea neno la Kiswahili. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, Kiswahili kinafundishwa shuleni, Julai 7 dunia inakiadhimisha, na nyumbani kwetu Kinindo mtoto anaagizwa chumvi kwa Kirundi, anagombezwa kwa Kifaransa, anatazama katuni kwa Kiingereza. Kiswahili kimebaki cha bibi, na bibi anaishi Rumonge.

Tumezisikia hoja za upande wa pili na baadhi ni za kweli. Malaria ipo ukingoni mwa ziwa, na Kinindo pia ipo, tusijidanganye. Kila mtoto abebe chandarua. Kuogelea kuna hatari ya kichocho na ya kuzama, na mabinti wanahitaji sitara, hivyo sisi tunaona kuogelea kuondolewe kabisa katika ratiba badala ya kuifanya safari nzima ni ya kuogelea. Kuhusu gharama, safari ya siku tatu ile ilitugharimu zaidi kwa vyumba vya ufukweni kuliko kwa mabasi na petroli ya foleni. Wanaosema hakuna cha kuona, tunawaelewa, kwani hata sisi tuliona mitumbwi iliyolala na tukataka kugeuza. Kuna chemchemi za maji moto za Mugara, kuna msitu wa Kigwena kwa anayetaka miti, hayo yanaweza kuwekwa siku ya pili. Lakini asiende mtu kwa ajili ya hayo.

Hoja iliyo nzito kuliko zote ni ya dada mmoja kwenye kamati aliyesema: tukienda mikono mitupu, hatutawaelemea watu wenye uwezo mdogo? Tumeifikiria sana. Mgeni ana haki, Mtume (S.A.W) ameziweka siku tatu za kukirimiwa, na amekataza mgeni kukaa hadi akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Watoto 31 si mgeni mmoja. Tulilomuuliza mwenyeji wetu kwa simu mwezi uliopita ni hili, naye amependekeza mwenyewe: tununue chakula huko huko, sokoni Rumonge, kwa bei ya pale, wake zetu wapike pamoja na wake zao, na kila nyumba ipokee watoto wawili, wasizidi. Madrasa yao inahitaji juzuu za Amma na ubao. Hivyo vitapelekwa kimyakimya kwa maalim wao, wiki moja kabla, na mtu mmoja, wala watoto hawatajua. Na wao watakuja kwetu likizo ya Disemba, idadi ileile, walale Kinindo katika nyumba zetu. Hili la mwisho lilizua kelele kwenye kamati kuliko yote. Baadhi ya wazazi waliokuwa tayari kupeleka watoto wao wakalale kwa watu wakasita kuwapokea wa watu wakalale kwao. Tunaomba kila mzazi ajiulize sababu yake ni ipi, kisha aje aiseme wazi kikaoni.

Mzee bado yupo, alhamdulillah, ingawa macho yamepungua. Alipoelezwa kwamba tunataka kurudi, aliuliza kama yule mtoto ameshajua jina la babu yake.

Kikao cha kamati ni Ijumaa ijayo baada ya swala ya alasiri, wazazi wote wa kike na wa kiume mnaombwa kufika. Tarehe ya safari tumependekeza iwe katika siku za mwanzo wa mwezi mwandamo, giza likiwepo, ili watoto safari hii waone taa ziwani. Wanaotaka kujiandikisha waje na majina manne: la mtoto, la baba, la babu, na la jamaa yeyote wa familia anayeishi kati ya Kabezi na Nyanza-Lac. Simu zitabaki nyumbani. Chandarua na daftari ni lazima.